Kiapo Kwanza, Nikaha Baadaye

Columbus, Ohio
Jumapili, 20 Oktoba 2024

Mwanangu mpenzi,

Huku sote wazima. Bibi yako goti linamsumbua kila baridi ikianza, lakini anasali kwenye kiti na chakula anakula. Mdogo wako amebakiza muhula mmoja kumaliza unesi. Baba yako bado anafanya zamu ya usiku na hataki kusikia habari ya kupumzika. Hayo yatosha, maana siyo yaliyonishikisha kalamu.

Nimeletewa habari kwamba leso za sare zimeshaagizwa Biashara Street huko Mombasa, na kwamba nikaha yako itasomwa mwezi wa kumi na mbili, kimya kimya, watu wachache, bila kadi na bila cheti, eti isije ikaharibu mambo ya karatasi. Aliyeniambia hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na furaha, akidhani najua. Kisha mwingine akaniambia nikaha imeshasomwa zamani na leso ni za sherehe tu. Sijui nishike lipi. Ndiyo maana nakuuliza wewe mwenyewe, kwa maandishi: nikaha imesomwa au haijasomwa?

Kwa simu sikutaka, kwa sababu kwenye simu huniambia "sawa Mama Mkubwa, nimeelewa" kabla sijamaliza kusema, kisha ukaenda ukafanya lile ulilokwisha kusudia. Barua utaisoma mara mbili. Na ningependa mchumba wako naye aisome, kwa kuwa yanamhusu kuliko yanavyonihusu mimi.

Kwanza niondolee dhana. Sina neno na binti wa watu. Nimemuuliza bibi yako kuhusu ukoo wao, amewasifu, na bibi yako hasifu ovyo. Una miaka 32. Baba yako alipokuwa na umri huo alikuwa na mke na watoto wawili, na hakuna aliyemwambia angoje barua kutoka popote. Kutaka kuoa ni haki yako na ni sunna. Kinachonikosesha usingizi si kuoa kwako. Ni kuoa katika miezi hii, mama yako akiwa bado hajaapa kiapo cha uraia wa Marekani.

Naona umeshika habari vipande vipande, kingine umekitoa kwa wakala, kingine kwa rafiki aliyeko Texas, kingine umekitunga kwa hasira. Basi nakupangia kuanzia mwanzo.

Mwanzoni mwa 2004 niliandika ombi la mama yako, ombi la raia kwa ndugu yake wa tumbo moja. Wewe ulikuwa na miaka 12 na ulikuwemo ndani ya ombi hilo kwa sababu u mtoto wake. Fomu ile niliijaza kwa mkono wangu nikitoka kazini alfajiri, na haikurudishwa hata mara moja. Wapo waliolipa mawakili na zao zikarudi. Kuhusu vyeti vya kuzaliwa vilivyochukua muda mrefu kunifikia kutoka Mombasa, na maneno niliyoambiwa kwamba najifanya mimi ndiye mwenye funguo za Marekani, leo sitayafukua. Waliosema wanajijua, na mmoja wao anakula kwangu kila Ijumaa.

Sheria ya huku inatenga viza 65,000 kwa mwaka kwa ndugu wa raia, dunia nzima, na ndani ya hesabu hiyo wamo wake, waume na watoto wa hao ndugu. Watu wanaoomba ni wengi mno kuliko hizo viza, na ndipo foleni inapozaliwa. Wanaokwepa foleni ni mke au mume wa raia, mtoto wa raia aliye chini ya miaka 21 ambaye hajaoa, na mzazi wa raia. Hao hawana ukomo wa idadi. Ndiyo maana bibi yako aliingia upesi, na mama yako akangoja hadi 2017 namba yake ilipofunguka.

Siku ile ya 2018 wazazi wako walipoondoka ukabaki uwanja wa ndege wa Moi, baadaye ulimwambia bibi yako kwamba familia ilikuchagua wewe wa kuachwa. Neno hilo lilinifikia na limenikaa kifuani. Hakuna aliyekuchagua. Mtoto anayeingia kupitia ombi la mzazi wake lazima awe chini ya miaka 21 na asiwe ameoa, na wewe namba ilipofunguka ulikuwa na 25. Ipo sheria ya 2002 ya kulinda umri wa watoto: wanachukua umri wako siku namba inapofunguka, wanatoa muda ambao ombi lilikaa mezani kabla ya kuidhinishwa. Letu lilikaa miaka miwili na kitu. Toa hiyo, unabaki na 23 kwa hesabu yao. Hukuokoka.

Wazazi wengi walitumaini kwamba mtoto aliyepita umri namna hiyo angalau angeachiwa tarehe ya zamani, aingie foleni mpya akiwa na nafasi yake ya mwanzo. Mahakama ya Juu ya Marekani ililifunga hilo Juni 2014, katika kesi ya Scialabba na Cuellar de Osorio. Mtoto aliyepita umri kwenye ombi la ndugu anaanza upya. Miaka 13 uliyongoja, tangu u mtoto wa shule ya msingi, ikawa haipo. Mimi nimeishi nchi hii muda mrefu, nimeila chumvi yake na nalipa kodi yake, lakini jambo hili sijalizoea. Nikilikumbuka nakasirika kama siku ile.

Mama yako hakupoteza muda. Alipopata kadi ya kijani tulikaa meza ya jikoni kwangu tukakuandikia ombi jipya mwaka huo huo wa 2018, safari hii la mzazi mwenye kadi ya kijani kwa mtoto wake mtu mzima ambaye hajaoa. Siku fomu ya I-130 ilipopokelewa ndiyo tarehe yako. Hiyo ndiyo mali uliyonayo huku, mwanangu, hiyo tu. Ukiipoteza hakuna duka la kuinunua.

Sasa foleni yenyewe. Umevuka Likoni maisha yako yote, kwa hiyo utaelewa: feri ina kiasi chake cha kubeba, haiangalii nani ana haraka, na aliyefika alfajiri hupanda kabla ya aliyefika saa tatu, hata wa saa tatu awe na gari zuri namna gani. Kila mwezi Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hutangaza feri imefika kwa watu wa tarehe gani. Tarehe yako ikiwa kabla ya iliyotangazwa, panda. Ikiwa baadaye, ngoja. Hakuna nchi inayoruhusiwa kuchukua zaidi ya asilimia 7 ya viza za foleni hizi kwa mwaka, na nchi ambazo watu wake wamefurika, yaani China, India, Mexico na Ufilipino, zimewekewa safu zao pembeni. Kijana wa Mexico mwenye ombi kama lako anayeitwa mwezi huu alipanga foleni 2005. Sisi Wakenya tumo kwenye safu ya nchi nyingine zote, pamoja na Watanzania na Waganda.

Taarifa ya mwezi huu wa Oktoba inasema hivi. Foleni yako, ya watoto wazima wasiooa wa wenye kadi ya kijani, imefika watu wa 2016. Watoto wazima wasiooa wa raia, 2015. Watoto wa raia waliooa, 2010. Ndugu wa raia, 2007. Maana yake anayeingia leo kwa njia aliyoingilia mama yako amengoja miaka 17.

Usifanye hesabu ya kutoa 2016 kwenye 2018 ukasema imebaki miaka miwili. Mwaka jana mwezi kama huu foleni yako ilikuwa Septemba 2015, na leo ni Mei 2016. Mwaka mzima umekwenda, tarehe imesogea miezi saba na siku chache. Foleni hiyo inapewa viza zipatazo 26,000 kwa mwaka kwa ulimwengu wote. Na tarehe hurudi nyuma vilevile. Foleni ya wake, waume na watoto wadogo wa wenye kadi ya kijani ilikuwa wazi tangu Julai 2019, mtu hangoji namba. Ilipofika Aprili 2023 ikarudishwa hadi Septemba 2020, na watu waliokuwa wameshauza vyombo vyao wakabaki wamekaa kwenye mikeka. Kwa hiyo anayekuambia "wewe mwakani unaondoka" anakupendezesha tu.

Nayajua haya yote yanachosha, na najua kijana mwenye miaka 32 akisoma "ngoja" anasikia "usiishi". Hapo ndipo mnapopata wazo la nikaha ya siri. Nisikilize basi.

Kuna kijana mmoja wa Mombasa, leo mtu mzima mwenye mvi, jina lake nitalihifadhi kwa sababu mama yake yu hai na tunasali safu moja. Mwaka 1999 alikuwa na ombi kama lako wewe: mama ana kadi ya kijani, yeye yuko nyumbani anangoja. Akaoa. Nikaha ilisomwa baada ya Isha, sebuleni kwa baba wa msichana. Walii yupo, mashahidi wapo, mahari yametajwa, halua na kahawa vikapita, watu wakatawanyika. Cheti hawakwenda kuchukua. Wazee walisema, bila karatasi nani atajua?

Miaka minne baadaye akaitwa mahojiano. Akainua mkono wa kulia akaapa kwamba hajapata kuoa. Viza akapewa. Na sikusimulii habari ya mtu mbaya: alikuwa akituma pesa kila mwezi, kodi ya nyumba, karo ya mtoto, matibabu ya mkwewe. Alipopata uraia akarudi Mombasa, akafunga nikaha ya pili na mke wake yule yule, hii sasa mchana, kwa cheti, kwa tarehe mpya. Kisha akamwandikia ombi la mke wa raia, njia isiyo na foleni. Sote tulidhani mambo yamekwisha na mke yuko njiani.

Mke alipoitwa mahojiano aliambiwa alete picha za kuonyesha kuwa ndoa ni ya kweli. Yule mama si mwongo, na mumewe hakuwahi kumweleza aliapa nini. Akabeba albamu nzima. Ndani yake mlikuwa na picha ya usiku ule wa sebuleni: bwana harusi na kanzu na joho, baba mkwe amemshika mkono, nyuma yao pazia la maua. Na chini pembeni, kwa rangi ya chungwa, tarehe. Zile kamera za filamu zilikuwa zikijiandikia tarehe zenyewe, unazikumbuka. Afisa akaigeuza picha kumwelekea akamuuliza, hii ni siku gani? Akajibu kwa fahari, siku ya nikaha yetu.

Viza hakupewa. Mume akaandikiwa barua kwamba kadi ya kijani aliyoingilia aliipata kwa kuficha mke, na uraia uliojengwa juu ya kadi hiyo nao ukaingia kwenye kesi. Nilikwenda naye kwa wakili nikimfasiria, na kila mara alikuwa akirudia jambo moja tu: "Lakini ni mke wangu huyu huyu, sikuoa mwingine." Wakili alikuwa akimjibu kwa upole kwamba hakuna anayebishana naye kuhusu nani ni mkewe, wanabishana kuhusu alichoapa. Kesi ilikula miaka. Nyumba aliyoanza kujenga Kisauni ilikomea kwenye lenta, kwa sababu pesa za mabati zilikwenda kwa ada za wakili. Mke alichoka kungoja, akaomba talaka, akapewa. Mtoto wao alioa bila baba yake kuwepo, maana kesi ikiwa mahakamani hakuthubutu kutoka Marekani.

Ndiyo habari inayonijia kila nikisikia neno "kimya kimya".

Sasa tazama jambo lenyewe. Wamarekani wakitaka kujua kama mtu ameoa hutazama sheria ya mahali ndoa ilipofungwa. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inaitambua ndoa ya Kiislamu sawa na ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila na ya Kihindu. Inataka isajiliwe, kweli, lakini cheti ni ushahidi wa ndoa, siyo ndoa. Ukishasema "nimekubali" mbele ya walii na mashahidi, umeoa, na usiku huo huo ombi la 2018 limekufa. Halingoji mtu aligundue. Wala usije ukadanganywa kwamba mtaachana kwenye karatasi kisha mrudiane ukishafika; talaka hailifufui ombi lililokufa.

Ukificha, ndipo linapokuja kubwa zaidi. Anayepata viza au kutaka kuipata kwa kudanganya jambo la msingi hufungiwa mlango maisha, na msamaha wake ni mgumu kupatikana. Na mimi, mwanangu, nakuuliza nje ya sheria yao: umesimama ukapokea mkono wa baba wa watu, ukamchukua binti yake kwa jina la Mungu, halafu utasimama mbele ya afisa, uape, useme huyu hayupo? Hatukukulea hivyo. Bibi yako akisikia maneno hayo yametoka kinywani mwako, goti halitakuwa ndilo linalomuuma.

Basi ipo njia, na ndiyo sababu naandika kwa haraka.

Mama yako alitimiza miaka mitano ya kadi ya kijani mwaka jana, 2023, na tangu hapo angeweza kuomba uraia. Alichelewa. Alikuwa na hofu mbili. Ya kwanza ni kwamba atapoteza Ukenya wake. Nilimwonyesha Katiba ya 2010: Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kuchukua mwingine. Hofu ya pili ni Kiingereza. Wapo wanaosamehewa mtihani wa lugha, lakini ni wenye miaka 50 waliokaa na kadi 20, au wenye 55 waliokaa nayo 15, na yeye ana sita tu. Nilimsukuma mwaka mzima, na kusema kweli tuligombana, hata wiki kadhaa hakuja kwangu. Mwezi wa nane akapeleka ombi, dola 710 kwa njia ya intaneti, na alama za vidole zimeshachukuliwa. Sasa anangoja barua ya mahojiano.

Ungemwona jioni. Anakanda unga wa chapati, karatasi ya maswali ameibandika kwenye mlango wa friji kwa sumaku, na mdogo wako anamsomea. Maswali ni 100, ataulizwa 10, akipata 6 amefaulu. Wabunge wa Baraza la Wawakilishi wangapi? Mia nne thelathini na tano. Katiba imerekebishwa mara ngapi? Ishirini na saba. Anakosea jina la Jefferson, anarudia huku mikono imejaa unga. Mwanamke huyu hakuwa na haja ya uraia. Anaufanya kwa ajili yako, na wewe unataka kuua ombi lako mwezi wa kumi na mbili, pengine miezi michache tu kabla hajainua mkono.

Elewa kiapo chake kinabadilisha nini. Ukioa leo, mama yako akiwa na kadi ya kijani, ombi linakufa, kwa sababu mwenye kadi ya kijani hana haki ya kumwombea mtoto aliyeoa. Njia hiyo haipo kabisa katika sheria yao. Ukioa baada ya yeye kuapa, ombi halifi. Linahamia foleni ya watoto wa raia waliooa, na tarehe yako ya 2018 inakwenda nalo, na mkeo na watoto mtakaojaaliwa wanaingia nawe. Nikaha ni ile ile, binti ni yule yule, leso ni zile zile. Tofauti ni nani ametangulia, kiapo au nikaha.

Sikufichi kwamba foleni hiyo ya waliooa ni ndefu. Leo iko 2010 na wewe u wa 2018, na huenda ukafika huku umevuka miaka 40. Njia nyingine ni kubaki bila kuoa, uingie peke yako mapema zaidi, kisha uoe na kumwandikia mkeo ukiwa na kadi ya kijani. Foleni hiyo leo imefika Januari 2022, yaani karibu miaka mitatu ya kutengana juu ya ile uliyongoja. Ukifuata hii, kuna uamuzi mwingine. Mama yako akishaapa, ombi lako linahamia foleni ya wasiooa wa raia, ambayo kwa sasa iko nyuma kidogo ya hii uliyomo, na sheria inakuruhusu ukatae kuhama. Hilo usiliamue mwenyewe wala kwa ushauri wangu. Ni la wakili.

Ukiniuliza moyo wangu uko wapi, uko kwenye kuoa. Ngoja kiapo, kisha oa mchana, kwa cheti, kwa ngoma, mwalike kila mtu. Ishi na mkeo Mombasa, zaa, jenga, na foleni iende kwa mwendo wake. Nimeona vijana waliokataa kila kitu kwa kuwa "naondoka": hawakusoma, hawakununua kiwanja, hawakuoa, na namba ilipofunguka walikuwa wazee walioletwa kufanya kazi ya vijana. Sitaki hivyo kwako. Ninachokuomba ni miezi, si miaka. Posa peleka. Mahari mkubaliane. Pete mvishe. Uchumba hauvunji ombi. Nikaha pekee ndiyo isubiri.

Na kama imeshasomwa, niambie leo hii. Sitapiga kelele. Tutakwenda kwa wakili tuseme kweli, mama yako akishaapa atakuandikia ombi jipya la mtoto aliyeoa, kwa tarehe ya wakati huo. Utapoteza miaka sita ya foleni. Inauma, nami nitalia, lakini jina lako litabaki safi na mkeo atatajwa kwenye fomu kwa jina lake.

Mengine kwa ufupi. Hakuna wakala anayeweza kusogeza tarehe. Baba yako alishalipa mmoja mwaka 2012, wewe unajua pesa zile zilivyokwenda. Jina lako liandikwe herufi kwa herufi sawasawa kwenye cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na pasipoti, na kama yanatofautiana anza kurekebisha sasa. Cheti cha tabia njema usikichukue mapema, kitapitwa na wakati. Ukihama nyumba au kubadilisha barua pepe, tuambie siku hiyo hiyo. Viza ya matembezi ukitaka kuiomba, ujue fomu yake inauliza kama kuna aliyekuandikia ombi la kuhamia, na jibu lako ni ndiyo. Kazi ya bandarini usiiache kwa ajili yetu. Na mpigie mama yako, si kwa ajili ya karatasi. Ombi hili linasimama juu ya uhai wake. Yeye akiondoka kabla ya namba yako, linaanguka, na kuliinua tena ni kwa huruma yao tu. Lakini hata lisingekuwepo ombi, ni mama yako, na wiki tatu bila sauti yako ni nyingi.

Nimechukua miadi na wakili Jumanne ya tarehe 29, saa nne asubuhi ya huku, ambayo kwenu ni saa kumi na moja jioni. Omba ruhusa kazini uwe hewani, ukae mahali pasipo kelele, na uwe na ile barua ya kupokelewa kwa ombi niliyokutumia 2018. Nijibu swali langu kabla ya siku hiyo ili nisiende mikono mitupu. Mchumba wako akitaka kuwepo, awepo. Na baba yake pia, mwambie nimemkaribisha mimi, kwa heshima zote. Ana haki ya kujua kwa nini tunamwomba angoje.

Ni mimi,
Mama yako mkubwa